Vipande Saba Vilivyochemsha

Vipande saba vilitoka kwenye sanduku la chumvi vikiwa safi kabisa, na hilo ndilo lililonikosesha raha.

Sanduku lenyewe ni la plastiki nene, kubwa kama jokofu lililolazwa chali. Ndani yake ukungu wa maji ya chumvi hupulizwa saa zote bila kupumzika, na vipande vyetu vya alumini husimama humo vimeinama kidogo, kama watu wanaosikiliza jambo lisilowahusu. Kila kipande kina ukubwa wa kiganja. Kabla ya kuingia humo kimeogeshwa kwenye tindikali huku umeme ukipita, mpaka kimeota gamba gumu, jembamba kuliko unywele. Kisha vitundu vidogo vya gamba hilo vimezibwa kwa dawa. Kazi yetu ni kujua gamba linavumilia kiasi gani. Baada ya wiki mbili tunavitoa vipande, tunavisuuza na kuhesabu madoa.

Asubuhi hiyo nilitoa vipande ishirini na vinne. Kumi na saba vilikuwa na madoa meupe, vingine pembeni tu, vingine kama vimemwagiwa unga. Saba havikuwa na hata doa moja. Nilivigeuza, nikavisogeza dirishani penye mwanga, nikafika hata kuvinusa, sijui nilitegemea harufu gani. Safi.

Ndipo nilipofungua daftari la fundi wetu, aliyevitengeneza. Mbele ya namba za vile saba, kwa mwandiko wake uliobanana kama abiria, kila mstari ulikuwa na neno moja lililokatwa katikati: "chem."

Kimechemsha. Yaani kimeboronga, hakifai. Vipande ambavyo fundi mwenyewe aliviandika kuwa vimeshindwa ndivyo vilivyotoka vikimeremeta, na vile alivyoviandikia "dawa", bila lawama yoyote, ndivyo vilivyoliwa.

Wiki vilipotengenezwa mimi sikuwepo. Nilikuwa hospitali na mama.

Mama ni mshonaji, na tangu utotoni anavaa chuma cha mguu wa kushoto: fito mbili kutoka pajani hadi kwenye kiatu, zimefungwa kwa mikanda ya ngozi. Miaka mingi kilikuwa cha chuma cha pua, kizito, kikimtangulia kwa sauti popote alipokwenda. Mwaka jana akapewa cha alumini. Alifurahi kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Lakini chini ya mkanda, mahali jasho linapokaa, alumini ilianza kutoa unga mweupe, halafu vishimo, halafu ufa ambao hakuna aliyeuona. Siku moja akiwa anavuka chumba na kitambaa mkononi, ufito ulikatika. Alivunjika mkono, na matibabu yake yaliendelea miezi mingi.

Kwa hiyo niliposoma kwamba maabara hii inatafuta gamba la kulinda alumini ya vyuma vya miguu, niliomba kazi siku hiyohiyo, cheti changu kikiwa bado kinanuka wino. Na Daktari, mkuu wetu, aliposema kwamba chuma cha kwanza cha majaribio atakivaa mama, niliona kama nimesomea jambo hili maisha yangu yote. Ijumaa hii tulitakiwa kuikabidhi karakana inayounda vyuma hivyo ripoti: gamba gani, limezibwaje, limevumilia kiasi gani. Ripoti ilikuwa juu yangu. Ikiwa na uongo ndani yake, mama angeanguka tena.

"Redio, hebu njoo uone," niliita mlangoni.

Redio ni msaidizi wa chumba cha rangi, jirani yetu. Jina alilipata kwa sababu hana kitufe cha kuzima. Alikuja akijifuta mikono, akainamia daftari.

"Chem? Si amechemsha mzee wa watu."

"Siyo yeye. Vipande."

"Dada, vipande havichemshi. Watu ndio wanachemsha." Akacheka peke yake, halafu akashusha sauti. "Lakini Kifuniko simwamini kihivyo. Mtu anafungia sufuria kabatini! Sufuria! Mimi nafungia simu, yeye anafungia sufuria."

Kifuniko ndilo jina walilompa fundi wa maabara nyuma ya mgongo wake. Alikuwa na sufuria moja ya enameli, nyeupe yenye ukingo wa bluu, na kifuniko chake alikifunga kwa kamba kabla ya kuiweka kabatini na kugeuza ufunguo. Lakini jina lilimfaa kwa mambo yote. Kikombe chake kilikuwa na kifuniko. Kalamu zake zilikuwa na vifuniko. Alipoandika daftarini aliweka mkono wa kushoto mbele ya ukurasa, kama mtoto anayeogopa kuibiwa majibu.

Nilihesabu tena. Daftarini kulikuwa na namba ishirini na sita, na kwenye sanduku nilitoa vipande ishirini na vinne. Namba kumi na nane na namba ishirini na sita hazikuwepo. Mbele ya kila moja palikuwa na herufi mbili zaidi: "mg."

Miligramu. Lakini miligramu ngapi? Hapakuwa na tarakimu. Mtu anayepima uzito haandiki kipimo akaacha idadi, labda kama anataka kuijaza baadaye, atakapojua ni idadi gani itakayompendeza msomaji.

"Shikamoo fundi," nilisema alipoingia.

"Marahaba, Msomi. Umeshavitoa?" Aliita kila mhitimu Msomi, na kila mhitimu aliondoka akiwa hajui kama alisifiwa au alisimangwa.

"Nimevitoa. Saba ni safi."

Alisimama karibu yangu, akaviangalia kimoja kimoja kama mtu anayekagua wanawe kabla ya shule. Hakushangaa. Hilo nililiona wazi: hakushangaa hata kidogo.

"Vizuri," alisema.

"Na viwili havipo."

"Vipo."

"Viko wapi?"

"Vipo," alirudia, akageuka kuelekea kabati lake. Alipokuwa akienda niliona anachechemea kidogo, na soksi ya mguu wa kulia imetuna juu ya kiatu. Alipoinama kufungua kabati alijikuna hapo, haraka, akatazama kama nimemwona. Nilijifanya nasoma.

Siku tatu zilizofuata nilikuwa mpelelezi mbaya sana. Nilifika mapema, nikakuta ameshafika. Nilichelewa kutoka, akachelewa zaidi. Nilichukua lenzi nikakagua namba zilizogongwa kwenye vile vipande saba, nikitafuta dalili kwamba zimegongwa upya juu ya vipande vipya. Sikuipata. Namba hugongwa kabla ya kuogesha, na gamba lilikuwa limeingia hadi ndani ya mifereji ya tarakimu. Vilikuwa vyetu, vilevile. Mtu mwenye akili tulivu angeishia hapo. Mimi nilijiambia kwamba basi amevipanga pembeni, pale ukungu usipofika vizuri. Nikajaza maji ya rangi kwenye sanduku nikajaribu. Ukungu ulifika kila kona. Basi, nikajiambia, amevitoa kwa siri kila siku akavirudisha siku ya mwisho. Kila mlango uliponifungikia, nilitafuta dirisha.

Siku ya pili nilimwona chooni, mlango ukiwa nusu wazi, amepandisha suruali anakaza kitu kwenye shavu la mguu. Kilimeta. Niliondoka kwa ncha za vidole.

"Anavificha kwenye soksi," nilimwambia Redio.

"Mungu wangu! Kwenye soksi!" Macho yalimtoka. "Anampelekea nani?"

"Sijui."

"Wanaoshindana nasi, nani mwingine? Siku hizi hata soksi si za kuaminika." Kabla ya mchana chumba kizima cha rangi kilijua.

Jioni nilimkuta mama kwenye cherehani. Mkono ulikuwa umepona, na alikuwa amerudia kile chuma cha zamani cha pua. Mguu mzima ulikanyaga pedali, na ule mwingine ulinyooka pembeni kama mgeni asiyejua akae wapi. Nilimweleza yote: chem., mg., sufuria, soksi.

Aliuma uzi, akaukata. "Umemuuliza?"

"Mama, mtu anaiba, nimwendee nimuulize kama anaiba?"

"Umeshamwita mwizi. Nimekuuliza kama umemuuliza."

"Nilimuuliza viko wapi. Akasema vipo."

"Na viko?"

Aliinua mguu kwa mikono miwili, akauhamisha, na chuma kikagonga sakafu. Nilijua alikuwa akijizuia kuonyesha jinsi kinavyomchosha.

"Mimi ninachotaka kujua ni kimoja," alisema. "Hicho chuma chenu kipya nikikivaa, kitaniangusha?"

"Ndiyo maana nauliza maswali, mama."

"Huulizi. Unachungulia."

Nilipaswa kulala na neno hilo. Badala yake nilikaa mezani nikamwandikia Daktari barua ya ukurasa mmoja na nusu. Niliandika kwamba vipande saba vilivyorekodiwa kuwa vimeshindwa vimetoka safi kwa namna isiyoelezeka. Kwamba vipande viwili vimeondolewa maabara kinyume cha kanuni. Kwamba uzito wake umeachwa wazi. Kwamba kwa maoni yangu matokeo ya fundi hayawezi kutumika kwenye kitu ambacho binadamu atakisimamia. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda. Niliisoma mara mbili.

Alhamisi saa nne Daktari alituita wote wawili ofisini. Ni mwanamke mfupi mwenye miwani ya kusomea ambayo huivaa kichwani na kuitafuta mezani. Barua yangu ilikuwa mbele yake, na daftari la fundi kando yake.

"Fundi," alisema, "namba kumi na tisa mpaka ishirini na sita. Umeandika nini hapa?"

Fundi hakuhitaji kuangalia. "Chem."

"Chem ndiyo nini?"

"Vimechemshwa."

Daktari aliinua uso.

"Nani alisema vichemshwe?" Daktari aliuliza.

"Dawa ya kuzibia iliisha kwenye namba kumi na nane. Wewe ulikuwa safarini, Msomi alikuwa hospitali na mama yake. Vimebaki vipande vinane vimeshaota gamba, vitundu viko wazi, vikilala hivyo vinaharibika. Nikafanya alivyonifundisha bwana wangu wa kwanza. Maji safi yaliyotoneshwa kutoka kwenye mvuke, sufuria safi, nusu saa yanachemka. Gamba linavimba, vitundu vinajifunga vyenyewe. Nikaandika."

"Uliandika 'chem.'"

"Ndiyo. Vimechemshwa. Chem." Akanigeukia, kwanza bila hasira, kwa mshangao tu. "Wewe ulisoma nini?"

Sauti yangu ilitoka ndogo. "Vimechemsha."

"Vimechemsha nini?"

"Vimechemsha tu, fundi. Yaani... vimeboronga."

Alikaa akilifikiria neno hilo. Niliona likimfikia polepole, kama maji yanayopita chini ya mlango.

"Miaka ishirini na sita ninachemsha vyuma," alisema, "leo ndiyo naambiwa nimechemsha."

Daktari alijikuna pua kuficha kicheko, lakini fundi hakucheka, na kicheko cha Daktari kikaishia hapo.

"Na hiyo sufuria?" niliuliza, kwa sababu shaka ilikuwa bado inanitafuna na nilitaka iishe yote mara moja. "Kwa nini unaifungia?"

"Kwa sababu kuna mtu wa chumba cha rangi alichemshia mayai humo." Aliinua vidole viwili. "Mara mbili. Maji yakichafuka kidogo tu, gamba halijifungi. Sitataja jina, ila ukilifungua asubuhi halizimiki mpaka jioni."

"Vipande viwili, fundi," Daktari alisema taratibu. "Kumi na nane na ishirini na sita. Viko wapi?"

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliona haya. Alisogeza kiti nyuma, akapandisha suruali ya mguu wa kulia, akashusha soksi. Kwenye shavu la mguu, chini ya mkanda wa ngozi uliokatwa kutoka kwenye begi kuukuu, vipande viwili vya alumini vilikuwa vimelala juu ya ngozi yake. Alifungua mkanda, akavifuta kwa kiganja, akaviweka juu ya meza, juu ya barua yangu.

Kimoja kilikuwa na unga mweupe pembezoni, na katikati vishimo vinne vidogo kama vilivyochomwa sindano. Nilivifahamu vishimo hivyo. Kingine kilikuwa kama kimetoka sanduku la kiwandani.

"Mg.," alisema. "Mguu."

"Sanduku linapuliza chumvi tu," aliendelea, akiongea na meza. "Mtu hatoi chumvi tu. Jasho lina mambo yake, na mkanda unalikalisha pale. Nilisikia chuma cha mama wa huyu binti kimekatikia chini ya mkanda. Nikasema, ngoja nione. Hiki cha dawa na hiki cha kuchemshwa, mguu mmoja, mkanda mmoja, muda mmoja. Unawasha, lakini."

Ngozi yake pale vilipokuwa ilikuwa nyekundu na imebabuka. Niliitazama nikashindwa kuitazama.

"Kwa nini hukusema?" Daktari aliuliza.

"Ungekataa. Ungesema mguu wa fundi si kipimo."

"Ni kweli, ningekataa." Daktari alivua miwani kichwani, akashangaa kuipata. "Na vipande haviruhusiwi kutoka nje ya jengo. Hilo unalijua kuliko mimi. Nitakuandikia onyo, fundi. Sina namna, limeshaletwa kwangu kwa maandishi."

"Sawa."

"Daktari, naomba nirudishiwe barua yangu," nilisema. Nilikuwa nimesimama bila kujua.

"Kaa. Kuhusu vipande viwili ulichoandika ni kweli, na hakifutwi kwa sababu leo unamwonea haya uliyemwandika. Kuhusu vile saba umekosea, na hilo utaliandika wewe, leo, ukurasa mmoja na nusu uleule." Aligeukia kalenda. "Ijumaa hatukabidhi kitu. Mguu mmoja na vipande saba havitoshi kumsimamisha mtu. Mtatengeneza ishirini vipya vya kuchemsha, nyinyi wawili, wiki mbili sandukuni. Halafu tutaongea na karakana."

Kwenye korido nilimkimbilia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakanisaliti yote.

"Fundi, nisamehe. Nilikudhania vibaya."

Aliendelea kutembea, mguu ukichechemea. "Chumba cha rangi wanasema nauza siri kwenye soksi. Jana mmoja aliniuliza kama ninayo ya saizi yake."

"Mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua. Redio haina habari zake yenyewe." Akasimama. "Barua yako nimeisoma pale ofisini, Daktari alinipa mwishoni. Umeandika vizuri, Msomi. Ile ya mwisho, ya kitu ambacho binadamu atakisimamia, nimeipenda. Ungeniuliza tu, ningekupa na kichwa cha habari."

Sikujua kama nilipigwa au nilishikwa mkono. Aliingia maabara akaufunga mlango, si kwa nguvu, lakini aliufunga.

Nyumbani nilimweleza mama kwamba atabaki na chuma cha pua wiki mbili zaidi, na sababu yake. Nilidhani atanicheka. Aliuliza tu, "Mguu wake umebabuka sana?" Nilipomwambia, akasimamisha cherehani, akatafuta kwenye vitambaa vyake kipande cha pamba laini, akakikunja mara mbili na kukishona pindo pande zote nne. "Mpelekee. Akikataa, usimlazimishe. Kiache mezani."

Nilikiacha mezani. Asubuhi ya Jumatatu hakikuwepo.

Tuliogesha vipande ishirini, mimi nikishika waya, yeye akishika saa. Gamba lilipoota alifungua kabati, akafungua kamba, akainua kifuniko. Kwa mara ya kwanza niliona ndani ya ile sufuria: nyeupe, bila mkwaruzo. Akanionyesha jinsi ya kuisuuza mara tatu. Ya nne aliisuuza mwenyewe, hakuniamini. Maji yalipoanza kuchemka tulivishusha vipande kimoja kimoja kwa uzi, tukavisikiliza vikigonga ukingo.

Redio alichungulia mlangoni. "Mnapika nini?"

"Funga mlango," tulisema wote wawili.

Nusu saa ilipotimia fundi alivuta daftari, akaliweka mbele yake kama kawaida, mkono wa kushoto juu ya ukurasa. Nilisogea pembeni ili asione kwamba natazama. Alishika kalamu muda mrefu bila kuandika. Kisha akaondoa mkono, akalisukuma daftari juu ya meza mpaka likanigusa kiwiko.

"Andika wewe. Mimi nataja."

Nikaandika namba moja, tarehe, joto la tindikali. Nilipofika safu ya mwisho nikaandika neno zima, kimechemshwa, bila kulikata popote. Aliinama begani kwangu, akalisoma herufi kwa herufi, midomo ikitembea.

"Hiyo w," alisema, "ikoleze. Watu wenye vyeti hawaioni."